Mkurugenzi, ile asilimia 2 haimfikii mdogo wangu

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu

Mheshimiwa Mkurugenzi, habari za kazi, na shikamoo pia kama umenizidi umri, maana nimekuonaga kwenye maturubai tu sijawahi kukusogelea.

Niende moja kwa moja. Kila halmashauri inatakiwa itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani iwe mikopo isiyo na riba, wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Tunaijua hiyo, tumeimbiwa kwenye mikutano ya mtaa mpaka watoto wanaijua, ikasimamishwa 2023, ikarudi 2024, tukafurahi. Sasa hiyo 2 huku kwetu inaenda kwa mwenye ulemavu wa miguu, kwa kiziwi, kwa asiyeona, kwa mwenye ualbino, na hata wao wanaipata kwa kubanana kwahiyo siwaonei wivu hata kidogo. Mwenye ulemavu wa akili anaishia mlangoni. Kinachomzuia ni mstari mmoja kwenye karatasi ya masharti iliyobandikwa pale ofisini, kwamba mwanakikundi "awe na akili timamu".

Mdogo wangu wa kiume kavuka miaka 30. Alisoma kitengo maalum cha shule ya msingi, kusoma ikashindikana, hela anahesabu vizuri mpaka elfu kumi, ikizidi hapo anakuita. Huyo huyo ndio anaamka alfajiri kuwapa kuku maji, anajua yupi jana hajala, mayai anapanga yeye kwenye trei na lenye ufa analitoa pembeni kabla mimi sijaliona, na wateja wa mtaani wakija wanamuulizia yeye sio mimi. Wapo na wenzake wanne, wote walimaliza kitengo maalum, na wote baada ya hapo wakarudi kukaa nyumbani kwa sababu baada ya kitengo maalum huwa hamna kitu, hilo nadhani unalijua. Tukakaa ndugu na wazazi tukasema hawa wawe kikundi cha mayai, wanayo kazi tayari wanachokosa ni mtaji wa banda kubwa na chakula cha kuku, ambacho bei yake siku hizi tuiache tu.

Tukapeleka fomu. Dada wa maendeleo ya jamii kaisoma yote, mpole kabisa simlaumu yeye, akasema hawa hawawezi kuwa wanakikundi, andikeni majina yenu nyie wazazi. Tukamwambia sisi hatuna ulemavu, si itakuwa tumedanganya serikali? Akasema basi leteni barua ya daktari wa magonjwa ya akili. Ya nini jamani? Hawaumwi hawa watu. Mtu kazaliwa hivyo au ulemavu ulimpata angali mdogo, anaelewa taratibu, anajifunza kwa kurudiarudia, hamna dawa anayokunywa wala hasubiri kupona, unampeleka akapange foleni na wagonjwa ili daktari athibitishe kitu gani?

Nikaitafuta Sheria ya Mikataba, ile Sura ya 345. Kifungu cha 11 kweli kinataka anayeingia mkataba awe na akili timamu, hapo mko sahihi. Ila ukishuka cha 12 kinakwambia akili timamu ni nini, kwamba pale anapoingia mkataba awe anaweza kuuelewa na kupima utamgusaje. Ni mkataba ule, wakati ule. Hakuna panaposema mwenye ulemavu wa akili kaondolewa moja kwa moja kabla hajaulizwa hata swali moja. Sasa kwa vijana wetu nani aliuliza? Hakuna aliyewaambia "mkikopa laki tano mtarudisha ngapi na lini", wakaangaliwa sura tu fomu ikarudi. Mdogo wangu unamwelezaje mkopo, unamwambia halmashauri inakupa hela ya kuku, kila mwezi unatoa hela ya trei kadhaa unairudisha, usiporudisha wenzako watadaiwa. Anaelewa. Atakuuliza kama kuku wakifa je, swali ambalo kuna watu wazima wenye akili zao timamu wamekopa na hawakuliuliza, nawajua na majina ila nitawastahi.

Halafu angalieni tunavyofanya kwa wengine. Bibi hajui kusoma hata herufi, anakuja anasomewa fomu, mjukuu anamfafanulia, anaweka dole gumba, anapewa hela. Hakuna anayemdai bibi barua ya daktari. Kwahiyo msaada wa kuelewa tunao siku zote, tunajua kuutoa, ni kwamba kuna watu tumeamua hawastahili. Na sio hisani ninayoomba. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ibara ya 12 inasema mtu mwenye ulemavu ana uwezo kisheria sawa na wengine na serikali ndio impe msaada anaouhitaji kuutumia. Mwaka 2010 tukatunga na sheria yetu wenyewe, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu.

Najua utasema halmashauri ina miradi mingine kwa ajili yao. Ipo, tunaiona, hasa tarehe 3 Desemba, Siku ya Watu Wenye Ulemavu. Fulana, kofia, soda, wanakaa kwenye turubai tangu asubuhi wanasubiri mgeni rasmi, wanacheza ngoma, wanapigwa picha, wanarudishwa na gari mpaka mwakani. Na nimesikia kuna wazo la kujenga kituo cha hawa vijana nje ya mji kwenye kiwanja cha halmashauri ili wafundishwe shanga na mikeka wakiwa salama. Mkurugenzi kwa heshima zote, naomba usikijenge. Mtu mmemtoa mtaani anakojulikana, kwenye duka analotumwa kila siku, kwa fundi baiskeli anayemtania, mkampeleka sehemu wanayokutana wenye ulemavu watupu na mlinzi getini, halafu ripoti ikaandikwa "ujumuishi". Ibara ya 19 ya huo huo mkataba inazungumzia kuishi ndani ya jamii kama wengine. Shanga zenyewe nani ananunua? Mayai yananunuliwa kila siku.

Mifano mizuri ipo na wala sio ya Ulaya. Iringa kuna Neema Crafts, walianza 2003 na vijana viziwi, wana mgahawa ambao wahudumu ni viziwi, mteja ukifika unaandika oda yako kwenye karatasi na maisha yanaendelea, aliyebadilika pale ni mteja. Ni ulemavu mwingine huo najua, ila utaratibu ndio huo huo, kazi ipo mjini, watu wanaingia wanalipa. Na Special Olympics, shirika la michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, wana kitu chao, timu moja inachanganya wachezaji wenye ulemavu wa akili na wasio nao, wanavaa jezi moja na wanafanya mazoezi pamoja. Hapa kwetu tuna uwanja wa shule, tuna timu za mtaa kila jioni, tuna mwalimu wa michezo, inahitaji bajeti gani hiyo zaidi ya mtu kusema kuanzia sasa tunachezea pamoja? Mdogo wangu ni beki, hapiti mtu.

Jambo jingine nalipitia haraka. Sheria ya 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Ya kwetu kama inakaa basi inakaa kimya sana. Ikikaa, awemo na mwenye ulemavu wa akili mwenyewe, sio mama yake peke yake. Kikao kiende taratibu, agenda ziwe chache, asomewe siku moja kabla, aje na mtu anayemwamini. Tutachelewa nusu saa, mbona vikao tunachelewa masaa mawili kumsubiri mwenyekiti na hakuna anayekufa. Na sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri wa kuanzia watu 20 awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu, sasa pale halmashauri nyie ni zaidi ya 20, kuna mwenye ulemavu wa akili hata mmoja anayepeleka mafaili, anayefungua geti, anayetunza bustani, kwa mshahara na sio kwa posho ya huruma? Nauliza tu.

Kwahiyo kwa upande wetu tuko tayari hivi. Fomu ya kikundi tumeiandika upya kwa Kiswahili rahisi na michoro, mwalimu wao mstaafu wa kitengo maalum kakubali kukaa nao siku ya kusaini na kuwafafanulia mbele ya afisa wenu, na sisi ndugu tutasaini pembeni kama wasaidizi, majina ya kikundi yabaki yao watano na akaunti iwe yao. Afisa awaulize maswali anayotaka. Wakishindwa kuelewa mkopo, msiwape, hatutalalamika. Wakielewa, muwape kama mnavyowapa wengine na mkawadai kama mnavyowadai wengine.

Na kwako binafsi nina swali moja, naomba nijibiwe kwa maandishi. Ule mstari wa akili timamu mmeutoa kwenye kanuni, au kuna mtu aliuongeza huku kwetu? Kama umeongezwa huku basi ni kalamu tu, unafutika leo. Kama uko kwenye kanuni tuambieni namba ya kanuni, tutawaandikia wenyewe TAMISEMI, wanaosimamia halmashauri zote, na tutaomba na wewe usaini nasi hiyo barua.