Matusi kwenye grupu, samahani inboksi

Mhariri,

Mimi ni mama wa dagaa. Nina meza pale soko la Mwaloni, Kirumba, huu mwaka wa 19. Gazeti lenu nalisoma kabla sijamfungia mteja mzigo, kwa hiyo msinione mgeni.

Masika yaliyopita mvua ilitupiga siku nne mfululizo. Anayejua dagaa anajua maana yake. Bila jua hawakauki, wanalainika, vichwa vinakatika, rangi inageuka. Hao hatuwatupi, tunawatenga na kuwauzia wafugaji kama chakula cha kuku kwa bei ya chini. Nilikuwa na magunia 6 ya namna hiyo, nikayamwaga kwenye turubai yapigwe upepo. Mtu akapita, akapiga picha.

Jioni nikaikuta picha kwenye grupu la WhatsApp la wauzaji na wanunuzi wa dagaa, watu zaidi ya 800, na chini yake maneno: "Hivi ndivyo mnavyolishwa. Wanapuliziwa dawa ya mbu wasioze." Sura yangu haikuwamo. Kanga yangu ilikuwamo, na ndoo yangu yenye mfuniko mwekundu, na Mwaloni nzima inaijua ndoo ile.

Wa kwanza kujibu aliniita muuaji. Wa tatu akasema wanawake wa Mwaloni ndivyo tulivyo. Hawajafika kumi, wakaingia kwenye kabila. Mmoja, ambaye Desemba nilimkopesha magunia mawili, aliweka vikatuni vya kucheka vitano. Nilivihesabu. Usiku ujumbe ulishapata ile alama ya mishale ya kuonyesha umesambazwa mara nyingi. Tangu mwaka 2020 WhatsApp hawaruhusu ujumbe wenye alama hiyo upelekwe sehemu zaidi ya moja kwa mpigo, lakini mtu mwenye bando na hasira anapeleka mmoja mmoja mpaka anamaliza majina kwenye simu.

Na picha ile iliangukia mbalamwezi. Dagaa huvuliwa gizani kwa sababu wanafuata taa. Mwezi ukiwaka wavuvi wanakaa nchi kavu siku kadhaa. Nimechunguza muda mrefu: ugomvi mkubwa wa grupu letu wote ni wa mbalamwezi. Giza likirudi, watu wanarudi ziwani na matusi yanapungua.

Mteja wangu wa Shinyanga, aliyezoea kuchukua magunia 10, alinipigia simu. Hakuniuliza lolote. Alisema tu wiki hii atachukua 3.

Matusi siyo yaliyonifanya niandike. Mwaloni asubuhi tunatukanana kwa ajili ya sado, lile kopo la kupimia, iliyobonyezwa kitako, mchana tunachangishana rambirambi. Kilichonishinda ni cha kesho yake. Aliyetuma picha, kijana mchuuzi wa Buhongwa ambaye hununua kwangu, aliniandikia inboksi: "Shikamoo mama. Samahani sana, nimeambiwa wale walikuwa dagaa wa kuku. Na mimi nilitumiwa tu nikatuma."

Nikamjibu marahaba mwanangu, nimekusamehe, sasa nenda kaandike hayo hayo kule kwenye grupu. Akanyamaza. Naona anaandika, anaacha, anaandika tena. Mwisho ikaja: "Mama yameshaisha, tusiyaamshe."

Yameisha kwa nani?

Badala ya kuandika, akaifuta picha. Mahali pake pakabaki taarifa kwamba ujumbe umefutwa, na hapo ndipo watu walipoanza upya. Kwa nini amefuta? Ametishwa. Amehongwa. Yule mama ana mkubwa nyuma yake. Kufuta kulinichafua kuliko picha yenyewe.

Wapo walionishauri niende polisi. Kijana wa duka la simu akanisomea Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16: anayechapisha uongo huku akijua ni uongo, kwa nia ya kumchafua au kumtukana mtu, faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Nikaogopa mimi kwa niaba yake. Ana mtoto wa miezi minane. Nilichotaka ni mstari mmoja, palepale aliponivua nguo, usomwe na walewale walioniona.

Kijijini kwetu upande wa Sengerema, aliyemsingizia mwenzake wizi hakuja kuomba radhi usiku kupitia mlango wa uani. Aliitwa kwenye mkutano wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, akasema mwenyewe watu wote wakisikia, akatoa faini.

Nakumbuka pia Septemba 2018, MV Nyerere ilipozama karibu na Ukara na kuua watu zaidi ya 200. Tulikuwa tunamtafuta mtoto wa shangazi yangu. Kwenye grupu fulani ikaja orodha ya "waliookolewa", na jina lake limo. Shangazi akapiga magoti akashukuru, akapika. Siku mbili baadaye tulimzika. Aliyeituma orodha ile niliendelea kumwona humo akituma salamu za asubuhi na picha za maua. Hakuwahi kusema, jamani, ile orodha nilikosea.

Na ninyi wa magazeti msicheke. Gazeti moja, silitaji, liliwahi kuandika ukurasa wa mbele habari ya soko letu isiyo ya kweli. Radhi tuliombwa baada ya wiki mbili, ukurasa wa ndani, kisanduku kidogo kama tangazo la kupotelewa na cheti. Wenye meza tuliokiona tulikuwa wawili, na mimi nilikiona kwa sababu nilikuwa nakaribia kukifungia dagaa.

Sisi wanawake 11 wenye vichanja vya kuanikia dagaa tuna grupu letu dogo, na tangu Juni tumeweka sharti: aliyemsema mwenzake vibaya akagundua amekosea, aseme humohumo kabla hajatuma kitu kingine chochote, hata salamu. Watatu wameshalitimiza, mmoja kwa ujumbe wa sauti huku analia. Mmoja alijiondoa.

Lile la watu 800 siliwezi. Lakini yule kijana wa Buhongwa bado ananipigia kuulizia bei. Namtajia kama ninavyowatajia wengine, simwongezei hata mia. Halafu namuuliza, mwanangu, utaandika lini? Anacheka, anasema, "Nitaandika mama, leo mtandao unasumbua."

Mama wa Ndoo Nyekundu,
Mwaloni, Kirumba,
Mwanza.