Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ruzuku Tunaiomba kwa Ajili ya Nani?

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji ya chama chetu cha klabu za michezo, nawakaribisha nyote na kuwashukuru kwa kuitikia wito. Hesabu zilizokaguliwa mnazo mikononi, na Mweka Hazina atazipitia kifungu kwa kifungu baada yangu, kwa hiyo sitazirudia. Nitatumia nafasi yangu kuzungumzia jambo lililochukua muda wa Kamati kuliko mengine yote mwaka huu: ruzuku tunayoomba, tunamwombea nani.

Swali hili lilizuka tulipoanza kuandaa maombi. Klabu zilileta mahitaji yao, na karibu kila orodha ilianza na jezi, mipira na nyavu. Ni mahitaji ya kweli. Hakuna kocha anayefundisha mpira wa wavu bila wavu. Lakini Kamati ilipozisoma orodha zile kwa utulivu iliona kwamba karibu kila kitu kilikuwa kinakwenda kwa mtu ambaye tayari anacheza. Yule ambaye hajawahi kukanyaga uwanja wetu hakuwamo. Na fedha nyingi za michezo ya jamii hutengwa kwa ajili yake huyo.

Anayefadhili ushindani huuliza mmetwaa kombe gani. Anayefadhili michezo ya jamii na mazoezi ya kujiburudisha huuliza nani ameanza, nani amerudi wiki iliyofuata, na nani bado anatazama kwa mbali. Ana sababu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani, yaani takriban watu bilioni 1.8, hawakufikia kiwango cha chini kinachopendekezwa cha kuushughulisha mwili: dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 za mazoezi makali. Wanawake wasiofikia kiwango hicho walikuwa asilimia 34, wanaume 29. Kwa vijana wa miaka 11 hadi 17 hali inatisha zaidi: takwimu za mwaka 2016 zilionyesha kuwa asilimia 81 hawafikishi wastani wa dakika 60 kwa siku, na wasichana walikuwa nyuma ya wavulana. Nchi wanachama wa shirika hilo zimekubaliana kupunguza tatizo hili kwa asilimia 15 ifikapo mwaka 2030. Mpaka sasa dunia inarudi nyuma badala ya kulisogelea lengo hilo.

Nimezitaja takwimu hizi ili tuelewe wafadhili wanawaza nini. Si za kujaza kwenye andiko la mradi. Anayepitia maombi anazijua kwa moyo, na amekwisha kuzisoma katika maandiko mengine yote yaliyo mezani kwake. Asichokijua ni mtaa wetu. Hilo ni letu sisi kumweleza, na hakuna mtu mwingine awezaye kumweleza vizuri kuliko kocha aliyeko uwanjani kila wiki.

Kikundi cha wasichana cha jioni kimetufundisha hilo. Kocha wake aliongeza safu moja kwenye daftari la mahudhurio, akaiandika "sababu". Msichana akikosa, kocha anamuuliza yeye mwenyewe au rafiki yake siku inayofuata, kisha anaandika neno moja au mawili. Niliomba kuliona daftari hilo. Mistari ilikuwa mifupi: mdogo wake anaumwa. Giza. Hana viatu. Giza. Aibu. Giza. Mitihani. Aibu tena.

Kocha hakuishia kwenye kuandika. Mazoezi yalianza mapema zaidi ili wasichana wawe wamefika nyumbani kabla jua halijazama. Kuhusu aibu, aliwauliza taratibu, akaambiwa kwamba wavulana wanaosubiri zamu yao hukaa pembeni ya uwanja wakiwatazama na kuwatania. Basi akabadilisha ratiba, zamu hizo mbili zisikutane. Mabadiliko hayo mawili hayakugharimu chochote, na safu ile ilianza kubaki wazi. Kilichohitaji fedha ni viatu vya kuazima vinavyobaki klabuni, na posho ya kocha msaidizi wa kike. Andiko letu liliomba hayo tu, likiwa na nakala ya kurasa za daftari ambazo majina yamefichwa. Mfadhili alipotupigia simu, maswali yake yote yalihusu kurasa hizo. Fedha zilitolewa kama tulivyoomba.

Naomba kila klabu iige safu ile. Idadi ya waliohudhuria inamwambia mfadhili kwamba kuna kitu kinaendelea. Sababu za waliokosa zinamwonyesha fedha yake iingie wapi.

Jambo la pili ni watu wenye ulemavu. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu inatambua haki yao ya kushiriki michezo na burudani kwa usawa na wengine, na Mkataba wa Kimataifa wa UNESCO kuhusu elimu ya viungo na michezo wa mwaka 1978, uliofanyiwa marekebisho mwaka 2015, unasema michezo ni haki ya msingi ya kila mtu. Katika bajeti, haki hizo hugeuka kuwa vifungu vidogo ambavyo ni rahisi kukatwa. Mwaka huu mfadhili mmoja aliidhinisha vifaa vya kikundi chetu cha watoto wenye ulemavu lakini akafuta nauli ya wasindikizaji, akisema si gharama ya michezo. Mzazi anayemsukuma mtoto kwenye kiti cha magurudumu hawezi kukubaliana na maneno hayo. Vifaa vilifika, watoto wakapungua. Kamati iliamua kulipa nauli kutoka kwenye ada zenu, na watoto wakarudi. Natamka wazi kwamba uamuzi ule ulikuwa sahihi, na katika maombi yajayo nauli ya msindikizaji itakaa juu kabisa ya bajeti, ikiwa na maelezo yake.

Niseme pia kuhusu makocha na wote wanaojitolea. Wafadhili wengi hukubali saa za kujitolea zihesabiwe kuwa mchango wetu usio wa fedha, mradi ziwe zimeandikwa na kusainiwa. Klabu zinazoziandika zinaingia kwenye maombi zikiwa na mchango mkubwa. Zisizoziandika zinaonekana hazina kitu, ingawa watu wao wanatoka jasho lile lile. Wakati huo huo, tusijenge programu nzima juu ya mgongo wa mtu mmoja. Kocha anayefungua geti, anayefundisha, anayeandika ripoti na anayebaki na mtoto ambaye mzazi wake amechelewa, siku moja atachoka, na programu itachoka naye. Posho, mafunzo na bima vina haki ya kuwa kwenye bajeti. Tusione haya kuviomba.

Kuhusu utekelezaji, ruzuku nyingi huja kwa awamu, na awamu ya pili haitoki kabla ripoti ya kwanza haijakubaliwa. Ripoti ikichelewa, mazoezi yanasimama hata kama fedha ipo kwa mfadhili. Mwaka huu klabu moja ilikaa majuma kadhaa bila mazoezi kwa sababu stakabadhi zilikuwa zimetawanyika kwa watu mbalimbali. Tangu hapo tumeweka utaratibu: bahasha moja kwa kila ruzuku, stakabadhi inaingia siku ile ile ya manunuzi, na mtu wa pili anasaini. Fedha iliyotolewa kwa ajili ya jambo fulani haihamishwi kwenda jambo jingine bila idhini ya maandishi, hata kwa muda, hata kwa nia njema.

Sera ya ulinzi wa watoto imekamilika na kila kocha ameisaini. Wafadhili wengi wanaidai, lakini tungekuwa nayo hata kama hakuna aliyeidai.

Linalonisumbua zaidi ni muda. Ruzuku nyingi ni za mwaka mmoja. Mtu mzima ambaye hajafanya mazoezi tangu aache shule huhitaji miezi kadhaa ili tu azoee kuja. Anapoanza kuzoea, mradi unafungwa. Tumewaandikia wafadhili wetu wote tukiomba ruzuku za miaka miwili au mitatu, hata kama kiasi cha kila mwaka kitakuwa kidogo zaidi. Wawili wamekubali kulijadili. Kwa upande wetu, hatutaanzisha tena kikundi ambacho hakina mpango wa mwaka wa pili: nani atafundisha, uwanja utapatikanaje, na gharama zipi zitabebwa na ada. Baadhi ya vikundi, hasa vya kutembea na kukimbia polepole, vinaweza kujitegemea mapema kwa kuwa vinahitaji njia salama na mtu wa kuongoza tu. Vingine, kama kuogelea na michezo ya viti vya magurudumu, vitahitaji msaada kwa muda mrefu, na hilo halivipunguzii thamani.

Kamati inaleta mbele yenu maazimio matatu. Kwanza, sehemu ya ada za kila mwaka itengwe kuwa akiba ya kuziba pengo kati ya awamu moja ya ruzuku na nyingine. Mweka Hazina atapendekeza kiwango. Pili, kila ombi litakalopitia chama lionyeshe ni watu gani wapya litawafikia na ni kikwazo gani litakiondoa. Tatu, nauli ya wasindikizaji iwe kifungu cha lazima katika kila bajeti ya programu ya watu wenye ulemavu.

Nawashukuru wajumbe wa Kamati, makocha, waamuzi, wazazi, na wafadhili waliotuamini. Wajumbe wawili wanamaliza muda wao leo, na uchaguzi utafuata baada ya kupitisha hesabu. Fomu za wagombea ziko kwa Katibu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti