Barua ya wazi kwa Gavana wa Marsabit: mwaka wa ukame tamasha lipunguzwe, lisifutwe

Mheshimiwa Gavana,

Nakusalimu kutoka Loiyangalani. Naandika kuhusu tamasha letu la utamaduni la Ziwa Turkana, linalokutanisha jamii za kaunti hii hapa Loiyangalani, na namna ya kulifanya mwaka ambao mvua imetutupa.

Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu 5 ya mvua ilipita mikavu. Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2, na huku kwetu mizoga ililala kando ya barabara. Ajabu ni kwamba miaka hiyo hiyo ziwa lilikuwa linapanda. Komote, kijiji cha Waelmolo, kikageuka kisiwa; makaburi ya wazee wao yakamezwa, na bomba la maji matamu likazama.

Janga kama hilo likirudi, wapo watakaouliza: watu wana njaa, ngoma za nini? Wana haki ya kuuliza. Jukwaa la kukodi, mahema ya wageni waheshimiwa, misafara ya magari ya serikali, posho za maofisa, yote yakatwe bila kuoneana haya, pesa ziende kwa malori ya maji na chakula cha mifugo.

Lakini tamasha lenyewe haliko jukwaani. Wanawake wa Kigabra wakishafika na mikeka yao na fito zilizopindwa, huanza kufunga nyumba kamba kwa kamba. Punde utawaona wa Kirendille wakisogea, wanashika fundo, wanabishana namna ya kulikaza, maana nyumba yao pia hubebwa na ngamia. Pale hakuna kipaza sauti wala mfadhili. Na pale ndipo mtu hujua jina la mama wa kijana ambaye mwezi ujao atakutana na mwanawe malishoni.

Tamasha hili lilianza 2008 ili kuleta amani kati ya jamii zetu, na mwaka wa ukame ndio mwaka visima hugombaniwa zaidi. Tukiufuta mkutano huu mwaka huo, wazee watakutana wapi kabla vijana hawajakutana kisimani na bunduki?

Ombi langu ni kwamba kaunti iandike mapema mpango wa tamasha dogo, ili tusisubiri janga ndipo tuanze kuvutana. Iwe siku moja. Kila jamii ilete watu wachache, wazee na wajenzi wa nyumba wakiwa wa kwanza. Usafiri ulipwe na kaunti, kwa sababu aliyepoteza mifugo yake North Horr au Illeret hana nauli ya kufika huku. Waelmolo, ambao ni wachache kuliko wote, waulizwe kabla ya mpango kupitishwa, si baadaye. Asubuhi, kabla ya ngoma, kuwe na kikao cha malisho na maji, na maofisa wako wa mifugo wakae chini wasikilize.

Mbuzi wa kuchinja asidaiwe kwa jamii yoyote. Sisi wa ziwani tutatoa samaki. Najua wapo wasiokula samaki, na hao kaunti iwapikie uji.

Naomba jibu lako lisomwe barazani hapa Loiyangalani, kila mtu asikie.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Loiyangalani