Risala ya wahitimu wa TYCS (umoja wa wanafunzi vijana Wakatoliki Tanzania), kidato cha sita, kwa Mhashamu Baba Askofu

Mhashamu Baba Askofu, mgeni wetu rasmi,
Baba Paroko na mlezi wetu wa kiroho,
Mkuu wa Shule, walimu, watawa, wazazi wetu wapendwa na wanafunzi wenzetu,

Tumsifu Yesu Kristo!

Kwa heshima na unyenyekevu mkubwa tunakukaribisha shuleni kwetu. Tunajua una ratiba ya Kipaimara wiki nzima, na barabara ya huku mvua ikinyesha haimhurumii mtu wala gari. Kufika kwako tu tumeshapata zawadi ya mahafali.

Risala za siku kama hii zina mpangilio wake: historia ya kikundi, mafanikio, changamoto, kisha maombi. Historia na mafanikio tumeyaandika kwenye kabrasha alilokabidhiwa katibu wako, Baba, na huko utakuta habari za kwaya, ziara za wagonjwa na bustani ya mboga iliyoliwa na mbuzi. Tumeomba ruhusa kwa mlezi tuutumie muda huu kueleza jambo lililotugombanisha wenyewe kwa wenyewe muhula mzima: Mkatoliki kijana wa Tanzania asimame wapi mbele ya ustaarabu wa Magharibi na maadili yake?

Lilianzia kwenye mdahalo wa Jumamosi, baada ya usafi. Mada ilisema Ukristo ni utamaduni wa Wazungu. Mwenzetu mmoja wa mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) alisimama akanyoosha kidole kwenye picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu iliyo ukutani, yenye nywele za rangi ya asali na macho ya bluu, akauliza, "Huyu ni mjomba wa nani humu ndani?" Darasa zima likaangua kicheko. Akaendelea: mnaimba Tantum Ergo, wimbo wa kuabudu Ekaristi, kwa Kilatini, mnaitwa akina Fridolin na Kunigunda, halafu mnajiita Waafrika! Upande wa kupinga ulikuwa na hasira nyingi na hoja chache. Kura zilipopigwa, tukaangushwa vibaya.

Baada ya hapo ndipo tulipoanza kusoma kwa bidii, Baba Askofu, na tunakiri kwamba hasira nayo ni mwalimu. Mtakatifu Augustino, ambaye mawazo yake yaliilea teolojia ya Ulaya kwa zaidi ya miaka elfu moja, alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika Algeria ya leo, akawa askofu wa Hippo, naye Hippo ni Afrika hiyo hiyo. Wagothi walipouteka mji wa Roma mwaka 410, watu waliona dunia imefika mwisho. Wapagani wakasema haya ndiyo malipo ya kuiacha miungu ya mababu. Augustino alitumia zaidi ya miaka kumi kuwajibu, na jibu lake ndilo tuliloliandika ubaoni: Roma ilikuwa kubwa, ilikuwa na mazuri yake na dhambi zake, lakini haikuwa Mji wa Mungu. Dola inaweza kuanguka na imani ikabaki imesimama. Mwafrika ndiye aliyewaambia Warumi maneno hayo.

Tukakuta pia kwamba Waingereza, ambao leo tunafanya mitihani kwa lugha yao, waliwahi kuwa nchi ya misheni. Wamonaki waliotumwa na Papa Gregori Mkuu walifika kwao mwaka 597. Mwaka 601 Papa huyo aliandika barua akiagiza mahekalu yao yasibomolewe. Sanamu za miungu ziondolewe, majengo yanyunyiziwe maji ya baraka, na karamu zao za kuchinja ng'ombe ziendelee, ila sasa wachinje kwa kumshukuru Mungu. Hiyo ni karibu miaka 1,300 kabla Wabenediktini hawajafika Peramiho mwaka 1898. Maswali ya ngoma na matambiko tunayodhani yalianza na babu zetu yaliulizwa kwanza kuhusu babu zao.

Na mwaka 1659 Idara ya Roma ya Uenezaji wa Imani iliwaonya maaskofu waliokuwa wakitumwa Asia kwamba ni upuuzi kuwabebea Wachina Ufaransa, Hispania au Italia badala ya imani. Agizo lilikuwa zuri, ila waliotumwa hawakulifuata wote, na ndiyo maana tunao akina Kunigunda. (Kunigunda wetu anasema jina lake analipenda na asibadilishiwe na mtu.) Papa Paulo VI alipofika Kampala mwaka 1969 aliwaambia Waafrika wazi kwamba wanaweza, tena lazima, wawe na Ukristo wa Kiafrika. Picha ya mdahalo hatukuitoa ukutani. Tumetundika pembeni yake ya Mtakatifu Karoli Lwanga, shahidi wa Uganda aliyechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na wawili hao wanakaa vizuri tu.

Baba Askofu, hadi hapo tulidhani tumemaliza. Kumbe kelele zilihamia upande wa pili. Wapo wenzetu waliosema: sawa, imani si ya Wazungu, basi Wazungu wameitupa, wameoza, na sisi ndio tuliobaki wasafi. Ushahidi walikuwa nao. Ubelgiji na Uholanzi zilianza kutumia sheria za kuruhusu wagonjwa kuuawa kwa kuomba wenyewe mwaka 2002. Ufaransa, inayoitwa binti mkubwa wa Kanisa, iliingiza utoaji mimba katika katiba yake Machi 2024. Hayati Papa Fransisko, akiwa Manila mwaka 2015, alionya juu ya ukoloni wa kiitikadi unaoishambulia familia. Na ilipotoka Vatikano tarehe 18 Desemba 2023 hati ya Fiducia Supplicans, iliyoruhusu mapadri kuwabariki wapenzi wa jinsia moja bila ibada rasmi, Kadinali Ambongo kwa niaba ya maaskofu wa Afrika na Madagaska alitangaza Januari 2024 kwamba hawaoni inafaa kubariki wapenzi wa jinsia moja barani humu. Tamko hilo liliposomwa kwenye kikao chetu, watu walipiga makofi hadi mwalimu wa zamu akachungulia dirishani.

Makofi yakaisha. Dada mmoja wa kidato cha tano, mpole ambaye huwa haongei, akasimama. Akasema binamu yake aliolewa akiwa kidato cha pili, ng'ombe wakahesabiwa mchana kweupe, na waliokula pilau siku ile ni watu wa jumuiya yao ndogo ndogo. "Hakuna Mzungu aliyekuwepo," akasema. "Siku ile ni nani alipiga kelele za maadili?" Akakaa.

Hatukumjibu, na mpaka leo hatuna jibu zuri. Tulichofanya ni kurudia kusoma tamko lile kwa utulivu. Tukaona mambo mawili yaliyotupita wakati wa makofi. Kwanza, linataka watu wenye mwelekeo huo waheshimiwe utu wao, kama Katekisimu inavyofundisha. Pili, linataja Maandiko na mafundisho ya Kanisa, na linataja pia utamaduni wa Kiafrika. Sisi tulishangilia hicho cha mwisho tu, kwa sababu kilitusifu. Mila ikiwa ndiyo hakimu, basi itahukumu pia kwa upande wa wale ng'ombe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Rebeca Gyumi, mtetezi wa haki za wasichana, alifungua kesi, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ikakubali kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Vikongwe wanaouawa kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni walizotupikia, hawauawi na itikadi kutoka Brussels.

Kwa hiyo msimamo wetu, Baba, ni kwamba Injili inaingia kila utamaduni kama mgeni na kama hakimu, Ulaya na kwetu. Kanisa lenyewe halikupona hukumu hiyo. Papa Nikolao V mwaka 1452 alimpa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwatia utumwani Waislamu na wapagani. Paulo III mwaka 1537 akatamka kwamba wenyeji wa Amerika wasinyang'anywe uhuru wala mali zao. Gregori XVI mwaka 1839 akailaani biashara ya watumwa. Bagamoyo, kuanzia 1868, Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa wakiwakomboa watumwa kwa kuwanunua. Watu wa imani moja walisimama pande zote mbili za mnyororo mmoja, na ni vizuri tujifunze yote, hata yale yasiyopendeza siku ya sherehe.

Na Ulaya tusiizike mapema. Pasaka ya mwaka 2025, Ufaransa hiyo hiyo ya katiba ile ilibatiza watu wazima zaidi ya 10,000. Njia yetu ya TYCS ya kuona, kuamua na kutenda tuliipata kwa Joseph Cardijn, padri wa Ubelgiji aliyewahangaikia vijana wa viwandani.

Tukisema ukweli, Baba, Magharibi inayotufikia bwenini haiji na wanafalsafa. Inakuja na ligi ya Uingereza. Ijumaa usiku simu za kuficha zinatoka chini ya magodoro, mikeka ya kubeti inapangwa, na Jumapili asubuhi, wakati wa Gloria, unaweza kumjua kwa uso ambaye mkeka wake umechanika. Wapo waliobeti ada. Papa Leo XIII aliandika mwaka 1891 juu ya mfanyakazi na mshahara wa haki, na Baba Mtakatifu Leo XIV alisema jina lake amelichagua kwa kumkumbuka yeye. Tungependa mafundisho hayo ya fedha na kazi yahubiriwe kwa sauti ile ile inayotumika kwa Amri ya Sita, ile ya usizini.

Mhashamu Baba Askofu, maombi yetu ni haya.

Tunaomba padri anayeijua vizuri historia ya Kanisa na falsafa atutembelee kila muhula, na akubali kuulizwa maswali bila kutuuliza majina.

Tunaomba nakala za Katekisimu ya Kanisa Katoliki na hati za Mtaguso wa Pili wa Vatikano kwa Kiswahili. Katekisimu tuliyonayo ni moja, haina jalada, na kurasa za kuanzia aya ya 2331, zinazoeleza hiyo Amri ya Sita, zimenyofolewa. Mwenye nazo hajajitokeza, ingawa inaonekana alizihitaji.

Tunaomba pia, kwa unyenyekevu, suala la mahari na kuozesha wanafunzi lisomwe katika jumuiya ndogo ndogo za parokia hii, kwa waraka wenye sahihi yako, kabla ya likizo ya Juni, maana likizo ndiyo msimu wake. Na kama uwezo upo, masista wapatiwe chumba kimoja cha ziada ambako binti anaweza kukaa wakati mambo yake yanaongelewa na wazazi.

Zawadi yetu kwako ni jogoo na debe moja la maharage, vyote mazao ya shule.

Tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu wa TYCS, kidato cha sita.