Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Tanga

Ndugu wanachama,

Ya fedha nayaacha kwa mweka hazina, vitabu viko wazi kwa yeyote. Mimi nina jambo moja: karatasi za majibu ya damu za wenzetu wenye lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe.

Mwezi wa Ramadhani alinijia dada mmoja wa Pangani, mwenzetu mwenye lupasi, na bahasha ya kaki iliyochakaa. Ndani mlikuwa na majibu ya miaka mitatu, mengine wino umefifia kabisa. Tukakaa barazani, tukayapanga kwa tarehe juu ya mkeka. C3 yake, ile protini ya damu inayotumika na kupungua kinga inapochachamaa, ilikuwa imeshuka mara tatu mfululizo, huku kingamwili dhidi ya DNA, yaani protini za kinga zinazoshambulia vinasaba vya mwili wenyewe, zikipanda. Ndipo miguu ikavimba, na mkojo ukaonekana una protini, dalili ya figo kuumia. Kila daktari aliona karatasi ya siku ile tu. Usiku ule sikupata usingizi.

Nimeona pia wenzetu wakilipia kila mara ANA, kipimo cha kingamwili zinazoshambulia viini vya seli za mwili. Jamani, tuache. ANA inasaidia mwanzoni: vigezo vya kimataifa vya lupasi vya 2019 vinaanzia hapo, kwa kiwango cha 1:80, yaani bado inaonekana damu ikizimuliwa mara 80. Lakini hata kwa 1:160, kiwango cha juu zaidi, takriban mtu mmoja kati ya 20 wasio na ugonjwa wowote huwa nayo. Tena ukishajulikana una lupasi, kupanda na kushuka kwake hakukuambii kama ugonjwa umeamka. Pesa hiyo bora iende kwenye C3, C4 ambayo ni ndugu yake, kingamwili dhidi ya DNA, kreatinini inayoonyesha kazi ya figo, na mkojo. Mkojo msiudharau, figo huharibika bila kuuma.

Homa nayo, hasa huku kwetu ambako kila homa huitwa malaria. Lupasi ikichachamaa, kati ya vipimo viwili vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini, mara nyingi ESR hupanda na CRP hubaki chini. CRP ikiruka juu sana, daktari atafute maambukizi kwanza.

Na mabinti mnaotarajia kuzaa, ulizeni mapema kipimo cha anti-Ro, kingamwili nyingine ambazo wenye lupasi wanaweza kuwa nazo. Kingamwili hizo hupita kwenye kondo la nyuma na mara chache huvuruga mapigo ya moyo wa mtoto tumboni. Ikijulikana, mimba hufuatiliwa kwa karibu.

Kamati imeamua kila mwanachama awe na kauntabuku yake. Majibu yanakiliwa siku hiyo hiyo: tarehe, namba, na maabara iliyopima, kwa kuwa viwango vya kawaida hutofautiana baina ya maabara. Daktari anafunguliwa daftari lote. Asiyejua kuandika aje Ngamiani na karatasi zake, ataandikiwa.

Dada wa Pangani anaendelea na matibabu ya figo, na protini kwenye mkojo imeanza kupungua. Ameomba awe yeye wa kuwaandikia wanaokuja. Tumemkubalia, na mkeka ameshaununua.

Mwenyekiti