Ukija Ha Ha Tonka, tuanzie chini

Columbia, Missouri

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumai u mzima wewe na wote hapo nyumbani Tanga. Sisi huku wazima, ila joto la Julai hata wewe mtoto wa pwani ungelilalamikia.

Barua yako imefika, na jibu ni ndiyo: Oktoba nitaomba ruhusa kazini, twende hifadhi ya Ha Ha Tonka, hapa Missouri. Umeniuliza kwa nini nikuburuze njia yote ile kwenda kuona magofu ya nyumba iliyoanza kujengwa 1905, wakati wewe umekulia jirani na Tongoni, kwenye msikiti na makaburi ya nguzo ya karne nyingi. Swali la haki kabisa. Kwa magofu peke yake nisingekusumbua. Nakupeleka kwa sababu miaka yote hii umekuwa ukiwaongoza wageni kwenye mapango ya Amboni, na hapa utaona mapango yaliyofika mwisho wa umri wake: paa limeporomoka, na watu wanatembea mle ndani jua likiwapiga utosini.

Hifadhi hii ya jimbo iko karibu na mji wa Camdenton, kwenye mkono mmoja wa ziwa la Lake of the Ozarks. Ina ekari zaidi ya 3,600, na vijia vya kutembea kwa miguu vya kila namna, vifupi vya nusu saa na kimoja kinachokula siku. Wageni wengi huegesha gari juu kilimani, wakatembea dakika chache mpaka kwenye kasri, ndiyo ile nyumba iliyobaki magofu, wakapiga picha na kuondoka zao. Nakuomba sana sisi tusifanye hivyo. Anayeanza na kasri anadhani amekuja kuona nyumba ya tajiri, na vingine vyote anavipitia kama mapambo. Tuanzie chini, kwenye maji.

Kijia cha chemchemi kinafuata ukingo wa maji, genge likiwa limesimama kando yako, futi 250 hivi kwenda juu. Sehemu kubwa kimewekewa sakafu ya mbao. Mwisho wake ndipo chemchemi inapotokea, chini kabisa ya mwamba. Hakuna maporomoko wala povu. Maji yanajitokeza tu, kijani kinachoelekea buluu, na usipoangalia jinsi majani yaliyoota ndani yake yalivyolala yote upande mmoja, utadhani yametuama. Kumbe kila siku zinatoka galoni zipatazo milioni 48, yaani lita karibu milioni 180! Mimi hapo hukaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote katika hifadhi, na wenzangu wa safari wameshazoea kuningoja.

Mambo yenyewe unayajua kunizidi. Mvua hubeba hewa ya ukaa kutoka angani, na nyingi zaidi kutoka kwenye udongo, ikawa tindikali dhaifu, ikapenya kwenye nyufa na kuula mwamba taratibu. Amboni ni mawe ya chokaa. Huku ni dolomiti, ndugu wa chokaa mwenye magnesiamu ndani yake, naye huyeyuka kwa shida kidogo zaidi. Tofauti kubwa ni kilichofuata. Chini ya milima hii palikuwa na mfumo mkubwa wa mapango, na paa zake zilipochoka kujibeba zikaanguka. Korongo utakalosimama ndani yake, genge, mashimo ya huko juu, daraja la asili, vyote ni mabaki ya maanguko hayo. Nilipolielewa hilo nililitazama bonde lote upya. Lile genge si ukuta wa mlima, ni ukuta wa ndani.

Kutoka kwenye chemchemi kuna ngazi za mbao zinazopanda hadi juu, vidato 316. Usiogope, kuna mahali pa kupumzikia. Unapopanda angalia kulia na kushoto, maana unapita kando ya tabaka za jiwe moja baada ya nyingine.

Kabla ya kasri, nataka tuende kwanza kwenye shimo wanaloliita Colosseum. Ni mdidimio wa ardhi wenye urefu wa futi kama 500 na upana wa futi 300, kuta zake zimesimama wima na chini imeota miti. Kwenye ncha yake moja ndipo lilipo daraja la asili, ambalo ni kipande cha paa kilichokataa kuanguka na wenzake. Linapanda zaidi ya futi 100, na kijia kinapita chini yake. Ukisimama pale katikati, inua uso uone tumbo la daraja: mistari ya tabaka inatoka upande mmoja na kuendelea upande wa pili, na hapo ndipo mtu anaamini kwa macho yake kwamba kuta hizi mbili zilikuwa zimefunikwa na dari moja. Ningependa nikusikie wewe ukilieleza hilo kwa sauti yako ya kazini, kwa sababu vibao vya maelezo vinalisema kwa haraka mno.

Kuna pia Jiko la Shetani, pango dogo lenye tundu darini mfano wa dohani. Pazuri, lakini tukikosa muda tutaliacha.

Ndipo sasa twende kwenye kasri. Alilianzisha Robert Snyder, mfanyabiashara wa Kansas City, aliyenunua maelfu ya ekari hapa akitaka nyumba ya mapumziko ya mtindo wa Ulaya. Waashi wa mawe waliletwa kutoka Scotland, na mawe yakachimbwa papo hapo kwenye hifadhi, yakasombwa kwa mikokoteni ya nyumbu na kwa kireli kidogo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1906 Snyder alikufa katika ajali ya gari, enzi ambazo magari yenyewe yalikuwa ya kuhesabika. Ujenzi ukasimama miaka mingi, mpaka wanawe walipoumaliza mwanzoni mwa miaka ya 1920. Baadaye nyumba ikawa hoteli. Mwaka 1942 cheche za dohani zilirukia paa, likawaka, na ndani kukateketea kote. Mnara wa maji uliobaki umesimama nao ukachomwa na wahuni mwaka 1976. Miaka miwili baadaye jimbo likainunua ardhi na kuifanya hifadhi.

Angalia utaratibu wenyewe, somo. Mwamba wa chini uliyeyuka na kuangusha paa la pango; watu nao wakachimba mawe ya papo hapo, wakayajengea nyumba juu ya genge, na paa la nyumba nalo likaanguka. Ukitoka chini kwenda juu, mambo haya mawili unayaona kwa mpangilio wake. Ukianza na kasri, unaona ukuta uliochomeka, basi.

Hata hivyo kuta zenyewe ni nzuri, sikufichi. Mawe yamechongwa na kupangwa kwa mkono wa fundi aliyejua kazi. Tafuta meko za orofa za juu: bado zimo ukutani, kila moja mahali pake, lakini sakafu hakuna, kwa hiyo zinaning'inia hewani na moshi wa moto wa mwisho umeacha weusi kwenye jiwe. Madirisha hayana vioo wala fremu, na moja linakuonyesha ziwa lote. Wapo wanaosema kasri lingejengwa upya. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Wameimarisha kuta zisidondokee watu, wameweka uzio panapohitajika, na wameishia hapo. Hiyo ndiyo heshima inayostahili. Natamani na pale Tongoni kila jiwe lipate matunzo kama hayo, wala lisibadilishwe sura.

Kuhusu lile ziwa: si la zamani. Ni maji yaliyozuiwa na bwawa la umeme la Bagnell, lililomalizika 1931, yakapanda mpaka yakaingia kwenye korongo la chemchemi. Familia ya Snyder iliishtaki kampuni ya umeme kwa kuharibiwa mandhari yao, kesi ikaburuzwa miaka. Na kabla ya hao wote nchi hii ilikuwa ya Waosage, wenyeji wa asili, ambao kwa mkataba wa 1808 walinyang'anywa sehemu kubwa ya Missouri. Hilo nalitaja kwa sababu mgeni anaweza kuzunguka asubuhi mpaka jioni akidhani historia ya hapa inaanza na Snyder. Haianzii hapo.

Siku ya pili, kama miguu itakubali, tuingie Turkey Pen Hollow, kijia cha maili kama saba kinachozunguka kwenye misitu ya mialoni. Msitu huo uko wazi, nyasi na maua chini, miti mbali mbali, kwa sababu wahifadhi huuchoma moto kwa mpango maalumu. Pasipochomwa, mierezi hujaa na kulifunika jua. Oktoba majani ya mialoni yanakuwa mekundu na ya kahawia, na watu huwa wachache kuliko kule kwenye kasri.

Jambo moja lisikuvunje moyo: mapango yenyewe mengi yamefungwa. Kuna ugonjwa wa ukungu mweupe unaoshika popo puani na kuwaua wakiwa kwenye usingizi wa majira ya baridi. Uligunduliwa jimbo la New York kwenye baridi ya 2006 na 2007, ukasambaa. Vijidudu vyake vinashika kwenye nguo na viatu, kwa hiyo viatu unavyovivaa Amboni viache huko huko, uje na vingine. Nalisema hili kwa msisitizo, maana najua unavyowapenda wale popo wako.

Mengine ni madogo. Kiingilio hakuna, hifadhi za jimbo hili huendeshwa kwa sehemu ya kodi ndogo ya mauzo ambayo wananchi waliipigia kura 1984. Soksi ndefu ni lazima kwa ajili ya kupe. Ukiona mmea wa majani matatu matatu usiuguse, utajikuna wiki nzima. Asubuhi kunakuwa na baridi, mchana unavua sweta.

Niandikie tarehe zako mara tiketi ikipatikana, nipate kuomba likizo mapema na kutafuta pa kulala Camdenton, kwani wikiendi za Oktoba hujaa. Nisalimie sana mama, na mwambie ile achari ya embe uje nayo kwenye begi kubwa, usije ukanyang'anywa uwanja wa ndege.

Wako wa siku zote,

Somo