Webuye haikuzaliwa na kiwanda, Bwana Mhariri

Bwana Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi sana na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Hata ile siku mliweka picha ya maporomoko ya Thomson mkasema ni Nabuyole, maporomoko yetu ya Webuye, nilinyamaza, nikasema labda mpiga picha alichoka. Lakini ile ripoti ya Jumapili kuhusu Webuye, ile ya kurasa mbili yenye bomba la moshi, hiyo imenishinda. Ati Webuye, mji wetu kule Bungoma, ulizaliwa na kiwanda cha karatasi cha Pan Paper 1974 ukafa nacho 2009. Ukafa? Kwani sisi tunaobanana kwa basi kila Desemba kwenda huko huwa tunaenda matanga?

Ningeachana nayo lakini imenifuata hadi nyumbani. Msichana wangu alipewa homuweki, aandike historia ya mji wanakotoka wazazi wake. Tukakaa mezani hapa Kangemi, mimi naeleza yeye anaandika, Chetambe, reli, mto, kila kitu, akachora na maporomoko kwa kalamu ya buluu. Daftari likarudi na mstari mwekundu umekatwa katikati ya 1895, juu yake ticha ameandika "1974, soma gazeti". Nikaenda shuleni. Madam mwenyewe ni msichana mpole hana shida, akanionyesha ukutani, ripoti yenu imekatwa vizuri ikabandikwa kwa selotepu, akaniambia, "Lakini Baba Nanjala, si imeandikwa hapa?" Sasa mimi nibishane na ukuta?

Wacha basi niwaambie kile ripota wenu hakuuliza. 1895 hakukuwa na kiwanda cha karatasi wala cha nini, kulikuwa na watu, na watu hao walikuwa na ngome juu ya kilima cha Chetambe, hapo hapo juu ya mji, ukuta na handaki, kazi ya Watachoni na Wabukusu (nani alijenga nini tutabishana wenyewe, nyinyi msiingilie). Hobley, ofisa wa serikali ya mkoloni, alitoka Mumias na askari wake, Wanubi wakiwemo, kisa ni bunduki ambazo Wabukusu walikuwa nazo na walikataa kuzitoa. Wakaanza na ngome ya Lumboka, wakamalizia Chetambe, na watu wengi sana waliuawa. Miaka ya 1920 reli ikapita ikielekea Uganda na stesheni ikaitwa Broderick Falls, jina la mzungu, kana kwamba hayo maji yalianza kuanguka siku yeye aliyaona. 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, akapanda Chetambe na maelfu ya wafuasi wake kuwakumbuka waliouawa pale na mkoloni akashikwa na wasiwasi hadi mwaka uliofuata akapiga hiyo dini marufuku. Hayo yote, Bwana Mhariri, yalitokea mji wenu ukiwa bado haujazaliwa!

Na hata hicho kiwanda mngejiuliza tu kwa nini kiliwekwa Webuye na si Karatina. Karatasi inataka maji mengi, na Nzoia ilikuwepo. Inataka miti, na msitu wa Turbo hauko mbali. Inataka njia ya kutoa mzigo, na reli ilikuwa imelala hapo tangu enzi za babu. Kwa hivyo Webuye ndiyo ilizaa kiwanda, si kiwanda kiliizaa Webuye. Serikali, kampuni ya akina Birla wa India na lile shirika la Benki ya Dunia la IFC walikuja kukuta meza imeandaliwa.

Sisemi kiwanda hakikuwa kitu. Baba yangu alikula kiapo na hiyo kazi, alikuwa upande wa magogo, yanachunwa maganda, yanakatwa vipande vidogo, halafu yanapikwa na dawa kali zenye salfa mpaka mti unakuwa uji. Ndio maana ya ile harufu ya yai viza ambayo ripota wenu ameiandikia aya tatu nzima. Ovaroli ya mzee haikuruhusiwa kuvuka mlango wa sebule, ilitundikwa kwa msumari nje karibu na pipa la maji, na sisi watoto tulijua shifti imeisha kwa pua kabla hatujasikia mlango. Lakini ni hiyo ovaroli ilitulipia karo. Na serikali ilipopiga marufuku ukataji miti 1999, Pan Paper ilikuwa kati ya kampuni chache zilizoachwa ziendelee kukata, na bado ikaporomoka na madeni, bili ya stima ikiwemo, Januari 2009 mashine zikazimwa. Ikafunguliwa na wakubwa kwa mbwembwe, ikafungwa tena, 2016 ikauzwa kwa wafanyabiashara akina Rai shilingi milioni 900. Hapo ndipo ningetaka ripota achimbe, watu waliokuwa kwa hizo mashine walienda wapi na walilipwa nini. Yeye amechimba harufu.

Na kwa kuwa mmeanza mambo ya harufu, wacha tuongee. Nyinyi mnaandika kutoka Nairobi, mji ambao ukipita Gikomba saa sita mchana unafunga pua na leso na ule mto uko hapo chini mweusi kama oili chafu ya gereji. Mto Ngong ukishapita Industrial Area ukaingia Mukuru sijui hata tuuite mto. Marehemu Michuki alipokuwa waziri wa mazingira alijaribu, mtu akubali akatae, tukaona hadi watu wamekaa kando ya maji karibu na Globe wanapiga picha. Tangu hapo ni wakubwa na gambuti mpya na kamera, wanapanda mche mmoja, wanaenda. Hiyo ripoti ya kurasa mbili iko wapi? Ama harufu ni harufu tu ikitoka Magharibi?

Mimi nataka vitu viwili. Sahihisho, na liwe ukurasa wa 3, si kule nyuma kati ya tenda za kaunti na matangazo ya vifo, na liwe na mwaka 1895 kwa tarakimu kubwa ndio madam alione kutoka mahali amekaa. Pili, huyo ripota arudishwe Webuye, lakini si kwa gari la ofisi. Apande basi la usiku, ashuke alfajiri, anywe chai ya stendi, halafu apande Chetambe kwa miguu na viatu vyake hivyo vya mjini. Akifika juu awaulize wazee atakaowakuta huko kama wamekufa.

Baba Nanjala,
Kangemi, Nairobi